Uzi: Nilimwita mwanangu mara 31 kwenye mechi moja. Makocha wenye watoto wenu kikosini, njooni tuongee

#1 Baba wa Namba Tatu

Wakuu, salaam.

Nafundisha watoto mpira, chini ya miaka 12, kwenye uwanja wa vumbi huku Mbagala. Kazi hiyo hainilishi, mimi nauza vipuri vya pikipiki. Lakini siku tatu za wiki kuanzia saa kumi jioni, na Jumamosi asubuhi, utanikuta pale na filimbi shingoni na gunia la koni ambazo nusu yake ni chupa za maji zilizojazwa mchanga. Watoto ni 26. Mmoja ni wangu wa kumzaa, ana miaka 11, beki wa kushoto.

Sasa, mimi nilikuwa najijua ni mtu wa subira. Wazazi ndivyo walivyokuwa wakiniambia. Nina kijana mmoja alikaa miezi minne hajui kutuliza mpira. Ukimpasia unamgonga ugokoni unarudi ulikotoka. Kila siku namwambia "safi, tena". Sikuwahi kumchoka, na leo anashusha mpira kwa paja utadhani mtu mzima.

Kocha msaidizi wangu ni dada mmoja aliyecheza netiboli miaka mingi. Haongei sana. Wiki mbili zilizopita tulikuwa na mechi ya kirafiki, akategesha simu yake juu ya tairi bovu pembeni ya uwanja arekodi, tuje kuangalia mabeki wanavyopanda na kurudi. Usiku akanitumia ile video kwa WhatsApp na maneno haya tu: "Kocha, usiangalie picha. Sikiliza sauti."

Nikasikiliza. Dakika 40. Nikachukua nyuma ya risiti ya dukani nikaanza kupiga vistari. Jina la mwanangu nimelitaja mara 31. Watoto wengine wote, ukiwajumlisha, mara 9. Katika hizo 31, nilizosema neno zuri ni mbili. Zilizobaki ni "rudi", "piga", "siyo huko", "unafanya nini", na ile "wewe!" ambayo haina hata maelezo. Na sauti yenyewe, wakuu, siyo sauti ya mwalimu. Ni ya mtu anayefukuza mbuzi kwenye mahindi.

Kumbe subira yote ile niliyosifiwa ilikuwa ya watoto wa wenzangu.

Halafu kuna jambo jingine nikalikumbuka usiku huohuo. Baada ya mechi huwa namrudisha kwa pikipiki. Kutoka uwanjani hadi nyumbani ni kama kilomita nne, na njia nzima nilikuwa naendelea na darasa. Kwa nini hukukaba? Nilikwambia nini kuhusu mguu wa kushoto? Mtoto yuko nyuma ameshika koti langu, hana pa kwenda. Ikafika wakati akawa ananiambia, "Baba, leo natembea na wenzangu." Nikafurahi. Nikamwambia mama yake kijana anakua, anapenda kampani. Juzi ndiyo nimekaa nikahesabu: hao wenzake wote wanakaa upande wa Charambe. Sisi tunakaa njia ya Kongowe.

Alikuwa anatembea peke yake. Kilomita nne, jua la saa sita, njumu begani, ili tu asipande pikipiki ya baba yake.

Sijaja hapa kuhurumiwa. Nataka kujua kwa wenzangu mnaofundisha watoto wenu wenyewe: mnafanyaje? Maana kuambiwa "kuwa na subira" najua. Mbona ninayo kwa watoto 25?

#2 Siti ya Mbele

Nimekaa. Ngoja waje wenye uzoefu. Ila hiyo ya kutembea kilomita nne imenikata maini.

#3 Mzee wa Chandimu

Mkuu unajitesa bure. Sisi mzee alikuwa anakuja uwanjani na fimbo ya mpera. Ukipoteza mpira kizembe unajua kabisa nyumbani kuna kesi. Na mpira tuliujua, tena wa makaratasi na nailoni. Watoto wa siku hizi mnawalea kama mayai halafu tunalalamika timu ya taifa haifungi. Kufokewa hakujaua mtu.

#4 Baba wa Namba Tatu

Shikamoo mzee. Swali moja tu, bila ubishi: wewe mwenyewe uliacha kucheza ukiwa na miaka mingapi?

#5 Mzee wa Chandimu

Marahaba. 15. Lakini yalikuwa mambo ya shule.

#6 Mama Wawili Moro

Mimi naomba niseme kitu ambacho huenda hamtakipenda.

Mwanangu yuko kwenye kituo cha mpira hapa Morogoro, na kocha wake naye ana mtoto kikosini. Baba wa Namba Tatu, umesema ulimwita mwanao mara 31. Ina maana alikuwa uwanjani dakika zote 40. Wangapi walikuwa benchi wakati huo? Wangu anakaa benchi dakika 30, anaingizwa 10 za mwisho timu ikiwa imeshafungwa au imeshashinda. Mtoto wa kocha anakosea, anafokewa, anaendelea kucheza. Wangu hafokewi kwa sababu hachezi. Sisi wa pembeni tunaona mnavyowafokea, tunaona pia kwamba hamuwatoi.

Kwa hiyo unapowaza jinsi ya kumvumilia wako, waza na sisi tunaokuvumilia wewe. Sisemi kwa ubaya.

#7 Baba wa Namba Tatu

Mama Wawili, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Nimerudi kwenye video. Hakutoka hata dakika moja. Kulikuwa na watoto watano benchi, na beki mwingine wa kushoto yupo, mzuri tu, aliingia namba nyingine. Sina cha kujitetea. Nilikuwa najiambia simpendelei kwa sababu namfokea kuliko wote. Yaani niligeuza makelele kuwa ushahidi wa haki.

Na kwa kuwa nimeshaanza kujivua nguo hadharani ngoja nimalizie. Tangu mwezi wa nne analalamika goti. Nikamwambia ni uvivu, nikamwongezea mizunguko ya uwanja. Kipindi hichohicho nikaona amekuwa mzito, mpira anaoupata kila siku anaukosa, anajikwaa mwenyewe. Nikawa nawaka zaidi. Nilidhani amepuuza.

#8 Fizio wa Mwanza

Nafanya kazi ya fiziotherapia, kwa hiyo naomba nishike hapo kwenye goti.

Mkuu, mwambie akae, akunje goti, ubonyeze ule mfupa ulio chini ya kifuniko cha goti, pale ugoko unapoanzia. Kama kuna kinundu na anaruka ukigusa, na maumivu yanazidi akikimbia, akiruka, akipanda ngazi au akipiga magoti kuswali au kusali, basi kuna uwezekano mkubwa ni kile kinachoitwa Osgood-Schlatter. Siyo uvivu. Msuli mkubwa wa paja unavuta pale, na kwa mtoto anayekua pale bado siyo mfupa kamili, ni laini. Kila teke, kila kuruka, unavutwa. Kwa wavulana mara nyingi ni kati ya miaka 12 na 15, wasichana hutangulia. Miaka 11 ni mapema kidogo lakini tunawaona. Dawa yake kuu ni kupunguza mzigo, na mara nyingi huisha wakimaliza kukua. Kumuongezea mizunguko ni kama kukwangua kidonda kila siku ukiuliza mbona hakiponi.

Ila msiishie kwenye maneno ya mtandaoni. Kama goti limevimba lote, au linauma usiku akiwa amelala, au ana homa, au anachechemea hata siku ambazo hajacheza, mpeleke hospitali haraka.

Kuhusu kujikwaa: wasichana hufikia kilele cha kurefuka karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14, lakini kila mtoto na saa yake. Miguu hutangulia kiwiliwili. Kwa miezi kadhaa mtoto anaendesha mwili ambao jana haukuwa na urefu huo. Ubongo bado unatumia vipimo vya zamani. Mguu uliokuwa unafika kwenye mpira sasa unaupita. Hakusahau mpira, amepewa miguu mipya bila maelekezo.

Nawashauri makocha wote: piga alama ya urefu kwenye fremu ya mlango kila baada ya miezi mitatu. Ukiona alama zinaachana sana, punguza mbio na kuruka, ongeza kazi ya mpira mguuni taratibu. Na ufunge mdomo. Hicho ndicho kipindi ambacho watoto wengi wenye vipaji wanaambiwa wamekwisha.

#9 Beki Mbili

Hii ya kuachana alama mlangoni nimeikimbilia kwangu sasa hivi. Asante Fizio.

#10 Mwalimu wa Zamu

Nimekuwa mwalimu wa michezo shule ya msingi miaka 14. Timu nimepeleka UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, hadi mkoa. Niongeze kitu ambacho kwetu hakisemwi kwa sauti.

Haraka ya kocha ndiyo inayozaa udanganyifu wa umri. Mtoto wa kweli wa miaka 11 ni mdogo, analia, anasahau, anafukuza kipepeo katikati ya kona. Kocha akitaka kombe mwaka huu hana muda na huyo. Anamtafuta "mdogo" mwenye sauti nzito. Tunamcheka, tunamwita baba watoto, lakini ndiye tunayempanga. FIFA walianza kupiga picha za MRI za vifundo vya mikono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009 kwa sababu hiyohiyo, mfupa wa kifundo ukishafunga kwa kumaliza kukua hauwezi kusingizia. Sisi huku chini hatuna mashine. Tuna macho, na tunayafumba.

Hata bila kudanganya, angalieni tarehe za kuzaliwa za kikosi chenu. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba mnawaweka kundi moja, wakati wa Januari amemzidi mwenzake karibu mwaka mzima. Kwa mtu mzima si kitu. Kwa mtoto wa miaka 10 hiyo ni moja ya kumi ya maisha yake yote. Nilifanya hesabu hiyo kwenye timu yangu mwaka mmoja, karibu wote walikuwa wa miezi ya mwanzo. Nilidhani nachagua vipaji, kumbe nilikuwa nachagua kalenda.

Baba wa Namba Tatu, wako kazaliwa mwezi gani?

#11 Baba wa Namba Tatu

Tarehe 9 Desemba.

#12 Mwalimu wa Zamu

Sina la kuongeza.

#13 Mbio za Nyika

Mimi ni Mkenya, niko Uasin Gishu. Huku kwetu si mpira, ni riadha, na shida ni ileile ila imevaa viatu vya mbio.

Msichana wangu ana miaka 13. Alishinda mbio za shule, basi. Jumapili hiyo wajomba walikuja nyumbani wakala ugali na mursik, maziwa yetu ya mgando, wakaanza kumpangia pesa ambazo hajapata. Mmoja alitaja ploti Eldoret. Mtoto ameketi pale anasikiza. Huku mwanariadha mdogo huhesabiwa kama shamba la mahindi, kila mtu anauliza mavuno ni lini. Nami sikuwa tofauti. Nilimwamsha saa kumi na moja alfajiri kila siku, nikimfuata na baiskeli na saa mkononi. Alianza kushuka badala ya kupanda. Nilipomuuliza, alisema, "Baba, ile saa inanichosha kuliko kilima."

Wengi huku wanajua habari za Bruda Colm O'Connell, yule Mwairishi aliyekuja shule ya St Patrick's, Iten, mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuja kama kocha wa riadha, alijifunza akiwa hapohapo, kwa kuangalia. Mtu wa kuangalia kwanza. Sasa fikiria David Rudisha, yule wa mita 800. Babake, mzee Daniel Rudisha, alikuwa na medali ya fedha ya Olimpiki, mita 400 kwa wanne kupokezana, Mexico 1968. Nyumba nzima ya mbio. Na bado aliyemkuza David kwenye mbio ni Bruda Colm. Mwaka 2009 kule Berlin kijana alitolewa nusu fainali kwenye mashindano ya dunia. Wangapi wetu tungebadilisha kocha jioni hiyo? Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mara mbili ndani ya wiki moja. Halafu Olimpiki ya London 2012 akakimbia dakika 1:40.91.

Sisemi wako atakuwa Rudisha. Nasema hata mtu mwenye medali ya Olimpiki nyumbani, mtoto wake alifunzwa na mtu mwingine. Mimi nilimpeleka wangu kwa mwalimu mmoja hapa kijijini, nikauza ile baiskeli. Sasa akirudi namuuliza tu kama amekula.

#14 Kilima cha Mbulu

Mkuu wa Uasin Gishu umenena. Na sisi Watanzania tunao wa kwetu. Alphonce Simbu, mkimbiaji wa marathoni, alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio 2016, shaba mashindano ya dunia London 2017, wa saba kwenye Olimpiki ya Tokyo, kule Paris 2024 akawa wa 17, na watu mitandaoni walishamzika. Septemba 2025 akarudi Tokyo akachukua dhahabu ya dunia ya marathoni akiwa na miaka 33, saa 2:09:48, sawasawa na Mjerumani Amanal Petros, hadi picha ndiyo iliyoamua. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo.

Lakini naomba tusigeuze hii kuwa hadithi kwamba wote huchelewa. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, Februari 1974, alikuwa na miaka 20 tu. Wengine huwahi. Wengi, tuseme ukweli, hawafiki kokote, wanakuwa mafundi na walimu na wauza vipuri wenye magoti mazima. Ukimvumilia mtoto kwa sababu unangoja dhahabu, ile bado ni haraka, umeivalisha kanzu tu.

#15 Mzee wa Chandimu

Huyu wa Mbulu kanigusa kidogo. Kidogo.

#16 Uvira hadi Kentucky

Ndugu zangu, mimi ni Mkongomani wa Uvira, nakaa Louisville, Marekani. Vijana wangu wawili wanacheza huku.

Huku watoto wadogo kabisa wanacheza wanne kwa wanne, wakikua kidogo saba kwa saba, kisha tisa kwa tisa, kumi na moja kwa kumi na moja ni baadaye, karibu miaka 13. Mwanzo nilicheka, nikasema huu si mpira. Kisha nikahesabu mtoto anagusa mpira mara ngapi. Kwenye uwanja mkubwa kule kwetu, beki wa kushoto wa miaka 11 anaweza kukaa dakika nzima hajauona. Halafu ukifika mmoja tu, amechelewa, baba anapiga kelele. Mpeni mpira kwanza ndipo mumkasirikie.

Na kuna ligi huku wanaweka siku ambayo mzazi haruhusiwi kutoa sauti pembeni. Nilienda siku moja ya hivyo. Kimya, kama kwenye ibada. Baada ya dakika kumi nikasikia kitu ambacho sikuwahi kusikia: watoto wanaongea wao kwa wao. "Nyuma yako." "Niachie." "Njoo huku." Walikuwa wanajua yote, sisi ndio tulikuwa tunawafunika.

Lakini wazazi wa huku pia si malaika. Wanalipa pesa nyingi, na anayelipa anataka kuona. Baba mmoja alimfuata refa hadi kwenye gari lake. Refa mwenyewe alikuwa kijana wa sekondari.

#17 Mama Wawili Moro

Hiyo ya watoto kuongea wenyewe nimeipenda. Baba wa Namba Tatu uko wapi? Umeanzisha moto ukakimbia.

#18 Baba wa Namba Tatu

Nipo. Zimepita wiki sita, nilisema sirudi hapa na ahadi, nirudi na habari.

Goti kwanza. Nilibonyeza pale Fizio alipoelekeza, akaruka hadi akagonga meza. Tukaenda hospitali, ni kitu hichohicho. Nilimwomba radhi. Nilidhani ningetafuta maneno makubwa, nikajikuta nimesema, "Ile mizunguko nilikosea." Akasema "sawa" akaendelea kula.

Alama mlangoni tumeweka. Mdogo wake naye anataka apimwe kila siku.

Pili, mwanangu si mchezaji wangu tena. Tumegawa watoto makundi mawili, yeye yuko kwa kocha msaidizi. Nafasi zinazunguka kwa karatasi: kila mtoto anacheza si chini ya nusu ya mechi, imebandikwa kwenye mti, mzazi yeyote asome. Mama Wawili, hiyo ni yako. Gharama yake mjue: tumefungwa mechi tatu kati ya tano, moja 4-1 na timu tuliyokuwa tunaifunga kila siku. Mzazi mmoja kamhamisha mwanawe kituo kingine, akaniambia yeye halipi ada ili mwanawe ajifunze kushindwa. Sikumjibu. Usiku nilimjibu kichwani mpaka saa nane.

Tatu, mazoezi. Tumefuata ya ndugu wa Kentucky, uwanja tumeukata vipande vinne kwa chupa zetu, wanne kwa wanne, wachezaji wachache, mguso mwingi. Ule mguu wa kushoto niliokuwa naupigia kelele mwaka mzima tumeuacha kabisa kuutaja. Dada aliweka sheria moja tu kwenye kipande kimoja, goli la mguu dhaifu ni mawili. Basi. Wiki ya kwanza vichekesho, mipira inakwenda kwa mama ntilie. Wiki ya tano nikamwona mwanangu anakata krosi kwa kushoto, mbovu, fupi, lakini hakufikiri kabla ya kupiga. Nilikuwa nimesimama mbali, hakujua naangalia.

Nne, mdomo. Huu ndio mgumu. Nilijaribu kuhesabu hadi kumi, nafika nne nimeshapiga kelele. Nikajaribu kusimama nyuma ya goli, nikawa namfokea kipa. Mwishowe nikapata dawa kwa bahati. Jumamosi moja nilichelewa kuamka, nikaja uwanjani natafuna mswaki wa mti. Mechi ikaanza bado uko mdomoni. Kila nikitaka kusema lazima niutoe kwanza, na hadi nimeutoa, jambo lenyewe limeshapita. Mpira umeshahama. Nikagundua kitu cha ajabu kidogo: karibu maelekezo yangu yote yalikuwa ya jambo lililokwisha. Ukimwambia mtoto "piga", yeye anasikia wakati mpira umeshachukuliwa. Kwa hiyo alikuwa anafokewa kwa historia.

Sasa nakuja na mswaki kila mechi. Watoto wameshanipa jina, sitalisema.

Nimeteleza mara moja. Wiki ya tatu, alimwacha winga akapita katikati ya miguu yake, tobo safi, goli. Mswaki ulidondoka na lile "wewe!" likatoka. Watoto wote waligeuka. Yeye hakugeuka. Nikaenda nikakaa kwenye tairi hadi mechi ikaisha. Dada akaja na daftari lake akaniambia, "Leo ni moja, kocha."

#19 Siti ya Mbele

Kutoka 31 hadi 1. Mkuu wewe ndiye umekua kiwango, siyo mtoto.

#20 Mzee wa Chandimu

Nimesoma uzi wote, maana sina kazi nyingi siku hizi. Bado nasema ile fimbo ya mpera ilitufunza adabu. Sibadilishi.

Ila nina mjukuu anacheza huko Tabata, mwaka wa pili huu, na sijawahi kumwona uwanjani. Binti yangu amenikataza kwenda. Anasema nitamharibia mtoto. Huo mswaki unatumia wa mti gani?

#21 Baba wa Namba Tatu

Shikamoo tena mzee. Mswaki wowote tu, ila chagua mrefu, mfupi unaudondosha.

Halafu nilisahau moja. Jumamosi hii baada ya mechi nilikuwa nafunga gunia la koni, akaja akasimama karibu na pikipiki. Hakusema kitu, akapanda. Nami sikusema kitu. Tumefika karibu na kituo cha mafuta akaanza mwenyewe, tena kwa kupiga kelele kwa sababu ya upepo, ananihadithia mbwa aliyeingia uwanjani kipindi cha pili akachukua kizibao cha kocha. Mbwa nilimwona, nilikuwepo. Nikamwambia hebu nieleze vizuri, sikumwona. Akanieleza mpaka nyumbani.

#22 Mzee wa Chandimu

Marahaba. Nimetuma kijana sokoni aniletee mirefu.